Uundaji majahazi na masomo ya sekondari pevu

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mwanangu yuko Gredi ya 9 na mapenzi yake ni kuunda majahazi pamoja na ami yake. Je, akichagua masomo ya ufundi, hatafungiwa mlango wa chuo kikuu?
Mzazi, Matondoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mzazi mwenzangu. Hatafungiwa. Katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, mwanafunzi huteua njia moja kati ya 3, na masomo ya ufundi, yakiwemo useremala, umeme, na teknolojia ya bahari na uvuvi, yamo katika njia ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, kwa hivyo atayasoma sambamba na hisabati na lugha. Linalonitia wasiwasi ni jingine: si kila shule hufundisha kila somo. Kabla ya kujaza chaguo, nendeni wenyewe mkaione karakana, mtazame kama meza zina jiliwa, kile kifaa cha kubania mbao, na kama randa na patasi zimenolewa au zimeshika kutu, kisha muulize ni mwalimu gani anayefundisha. Kazi ya ami yake nayo isikatizwe. Likizoni aendelee kushika tezo, lile shoka dogo la kuchongea, na kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo, maana kupima mpindo wa taruma, yaani mbavu za chombo, kwa jicho hujifunzwa pale pale pwani, chombo kikiwa juu ya magogo.