Imeili za ofisi zimebaki kwenye diski ya zamani, nazirudishaje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni sekretari kwenye kampuni ndogo ya safari hapa Arusha. Laptopu ya ofisi ilianza kuzima yenyewe, bosi akanunua nyingine, fundi akahamisha kila kitu, Documents, Desktop, picha, vyote vipo. Ila imeili hakuna. Tunatumia Thunderbird, ile programu ya imeili, tangu 2016, buking zote za wageni na malipo viko humo. Fundi ameweka akaunti upya kwenye laptopu mpya zikaja imeili za wiki mbili tu basi. Anasema nyingine zimeshapotea na anataka kufomati ile diski ya zamani atuuzie kama eksteno, yaani diski ya nje. Bosi ananiangalia mimi. Nifanye nini? – Sekretari, Arusha

JIBU: Dada, kabla hujamaliza kusoma hapa mpigie fundi mwambie diski asiiguse. Hazijapotea. Nina uhakika mkubwa kabisa zipo humo humo kwenye hiyo diski anayotaka kuifomati, maana dalili uliyoitaja ya wiki mbili inasema kila kitu.

Iko hivi. Akaunti yenu ni ya POP, yaani programu inazishusha imeili kutoka kwenye seva, kompyuta ya wanaowapa huduma ya imeili, na kuziweka kwenye kompyuta yenu. Ukifungua akaunti ya POP kwenye Thunderbird kawaida yake inaacha nakala kwenye seva siku 14, zikipita inaifuta ile ya seva na inayobaki ni ya kwenye diski yako peke yake. Ndio maana laptopu mpya ilipouliza seva ikapewa za siku 14. Zile za tangu 2016 seva haina, inazo diski ya zamani tu, na ikifomatiwa ndio basi tena.

Sasa kwa nini fundi hakuziona? Kwa sababu Thunderbird haiweki vitu vyake kwenye Documents, inaweka kwenye folda iliyofichwa. Mwambie aichomeke ile diski kwa kava ya USB, aingie Users, kisha jina mlilokuwa mnatumia, halafu AppData. Hii AppData haionekani mpaka uwashe "Hidden items" kwenye View, na Windows inaweza kukwambia huna ruhusa, bonyeza "Continue" usubiri. Ndani yake kuna Roaming, Thunderbird, Profiles. Humo utakuta folda yenye jina la ajabu, herufi na namba nane zimechanganywa halafu mwishoni .default au .default-release, na mara nyingi zipo mbili, moja karibu tupu na nyingine nzito. Nzito ndio yenu.

Hiyo folda nzima ndio bakapu. Nzima, usichague chague. Watu wengi wanakopi Inbox peke yake wakidhani wamemaliza, kumbe kitabu cha anwani kiko kwenye abook.sqlite, mipangilio ya akaunti iko prefs.js, paswedi ziko logins.json lakini haifunguki bila key4.db, vinategemeana. Imeili zenyewe ziko kwenye folda ya Mail, na utashangaa kuona Inbox ni faili moja tu kubwa halina hata kiishio, imeili zote zimepangwa humo moja baada ya nyingine kama maandishi ya kawaida, ukilifungua kwa Notepad unazisoma. Kinachoitwa Inbox.msf pembeni yake ni faharasa tu, kikipotea programu inakitengeneza tena, usikilie.

Kurudisha. Kwanza kopi hiyo folda kwenye laptopu mpya, sehemu ambayo itakaa moja kwa moja, na nyingine weka kwenye eksteno tofauti kabisa kabla hamjajaribu chochote. Hakikisha Thunderbird ya laptopu mpya sio ya zamani kuliko ile mliyokuwa nayo, maana profaili, ndio hiyo folda yenyewe, iliyowahi kutumiwa na toleo jipya haikubali kufunguliwa na toleo la nyuma. Funga programu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika thunderbird.exe -P, litakuja dirisha la profaili. Tengeneza mpya, na pale panaposema "Choose Folder" ielekeze kwenye ile folda uliyokopi. Fungua. Akaunti, folda zenu za wageni, filta, paswedi, vyote vitakuja kama mlivyoviacha.

Lakini ile profaili mpya aliyoitengeneza fundi usiifute, kuna imeili mlizotuma na kupokea humo tangu mhame. Programu ikiwa imefungwa, chukua faili la Inbox la profaili mpya, libadilishe jina liwe mfano Inbox-mpya, liweke ndani ya Mail, Local Folders ya profaili iliyorudishwa, ukifungua utaliona kama folda. Fanya hivyo hivyo kwa Sent.

Na nasisitiza programu iwe imefungwa, sio kuipunguza chini, ifungwe. Mimi niliwahi kukopi huku iko wazi inashusha imeili, faili likakatika katikati, na humo mlikuwa na barua za mjomba wangu aliyekuwa anafanya kazi Muscat, za mwisho kabla hajafariki. Nilikuja kugundua miezi baadaye wakati kompyuta yenyewe sina tena. Ndio maana siku hizi nikishafanya bakapu naijaribu, naifungua kwenye kompyuta nyingine natafuta imeili ya kwanza kabisa na ya jana, nikiziona zote mbili ndio nalala.

Kitu kimoja zaidi, hiyo kopi ina paswedi zenu ndani. Kama hamkuweka "Primary Password" yeyote atakayeipata anaweza kuzisoma, kwa hiyo eksteno ikae kabatini penye kufuli, sio kwa fundi.

SWALI: Mimi natumia Thunderbird na Gmail, ni IMAP. Nilikuwa nikiamini sihitaji bakapu kwa kuwa barua ziko kwa seva. Juzi laptopu ilijaa nikafuta barua za zamani kupunguza mzigo, kufungua simu nazo hazipo! Za shule za watoto, za shamba, zote. Waniambiaje? – Baba wa watatu, Mombasa

JIBU: Pole sana ndugu yangu. IMAP ni kioo cha seva, ukifuta huku na kule kunafutika, kwa hiyo kuwa na barua kwenye laptopu, simu na seva sio kwamba una nakala tatu, ni barua ile ile moja unaiona mahali patatu.

Ingia Gmail kwa brauza sasa hivi uangalie Trash. Zinakaa siku 30 halafu zinafutwa zenyewe, na wewe umesema juzi, kwa hiyo muda unao. Zikiwepo zirudishe Inbox na shughuli imekwisha. Angalia na "All Mail" pia, wakati mwingine barua imetoka Inbox tu lakini ipo.

Kama hazipo kote huko, zima intaneti ya laptopu, funga Thunderbird na ukopi folda ya ImapMail iliyo ndani ya profaili kabla hujafanya lolote. Barua iliyofutwa mara nyingi maandishi yake yanabaki ndani ya lile faili kubwa mpaka programu ifanye "Compact", yaani kulibana faili kuondoa vilivyofutwa, ikishafanya hivyo hayapo tena. Ikikuuliza kuhusu kukompakti, kataa. Kopi ukiwa nayo, fundi mwenye subira anaweza kuzichomoa humo. Hilo linawezekana tu kama ulikuwa umeruhusu barua zihifadhiwe kwenye kompyuta.

Kuanzia sasa, barua unazozipenda zikopi kwenye "Local Folders", ukizihamisha zinatoka kwa seva kwa hiyo nimesema kopi. Kilichoko Local Folders kiko kwako tu na seva haikigusi. Kisha kopi profaili nzima kwenye eksteno kama nilivyomweleza dada wa Arusha. Kuna pia "Export" kwenye menyu ya Tools inayokutengenezea zipu, ni nzuri kwa profaili ndogo lakini ikipita GB 2 haikubali, na watu wenye barua za miaka wanapita hapo mapema.

SWALI: Natumia Outlook kwa imeili. Faili langu la PST, lile lenye imeili zote, lina GB 6, flashi yangu ni ya GB 32 na ni tupu, lakini kila nikikopi inakataa inasema faili ni kubwa mno. Flashi ni feki? – Mhasibu, Dodoma

JIBU: Si lazima iwe feki. Itakuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe na nafasi kiasi gani. Hamisha vilivyomo kama vipo, ifomati kwa exFAT au NTFS, itakubali. Outlook nayo ifungwe kwanza. Na ukikuta pembeni ya PST kuna faili la OST usihangaike kulibeba, hilo ni kivuli cha seva na kwenye kompyuta nyingine halitafunguka, akaunti ya namna hiyo toa nakala yake kwa Import/Export iwe PST. Ila flashi ni ya kubebea tu, ukifika nyumbani lihamishie kwenye eksteno.