Riba ya Benki Kuu imeshuka, mbona mkopo wangu haujashuka?

Ndugu, umeuliza kwa nini Benki Kuu ya Kenya ilipunguza riba yake kutoka asilimia 13 hadi 12.75 mnamo Agosti 2024, lakini mkopo wa duka lako la vifaa vya ujenzi ukabaki palepale, na kama sasa ushushe bei.

Soma mkataba kwanza. Kama riba yako haibadiliki, haitashuka mpaka mjadiliane upya. Kama ni riba inayobadilika, uliza hupitiwa kila baada ya muda gani. Benki nazo huchelewa kushusha, kwa kuwa huwa bado zinalipia amana za muda maalumu (fedha za wateja zilizowekwa kwa kipindi cha makubaliano) zilizopokelewa riba ikiwa juu. Halafu piga hesabu: robo asilimia ya deni la shilingi 2,000,000 ni 5,000 tu kwa mwaka.

Bei usishushe kwa habari hiyo. Mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda, ukipungua, bei huendelea kupanda, ila polepole. Pima kwa gharama ya mzigo ujao, si ule ulio rafuni. Msambazaji akiongeza asilimia 10 "kwa kuwa kila kitu kitapanda", mkumbushe lengo la mfumuko wa bei ambalo Benki Kuu hulifuata: asilimia 5 kwa mwaka, na nafasi ya 2.5 juu au chini. Hofu kama hiyo hupandisha bei kabla gharama hazijapanda. Mwombe bei ya miezi 3 kwa maandishi.