Jibu: Mbolea ya kuku imeunguza mchicha wangu

Mkuu, mchicha umeungua kwa sababu kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi, na amonia yake huchoma mizizi. Kiozeshe kwanza.

Kwa kila ndoo 1 ya kinyesi weka ndoo 2 hadi 3 za majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Kama unazoa matandiko ya bandani yenye maranda mengi, usiongeze makavu. Maranda yanatosha, ila huchelewa kuoza. Lundo lifike mita 1 kila upande, maana dogo halishiki joto. Maji yawe kiasi: ukikamua konzi moja, yatoke matone mawili matatu tu.

Chomeka nondo katikati. Siku ya 3 au ya 4 ukiichomoa, ncha yake iwe ya moto, usiweze kuishika muda mrefu. Joto likishuka, geuza. Harufu kali ya amonia ni naitrojeni inayopotea: ongeza makavu, na tafadhali usimwage majivu, yanaizidisha.

Mwanzoni waache kuku wachakure, wanageuza vizuri sana. Lundo likishapoa lifunike wasilifikie, kwani kinyesi kipya hurudisha vimelea, kisha lisubiri wiki 4 hadi 6.