Kigong'ota anaua mti wangu?

SWALI: Habari za kazi. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina mkungugu mkubwa uwani na kila asubuhi kuna kigong'ota anaudonoa ko ko ko mpaka magamba yanadondoka chini, mume wangu anasema ndege anaumaliza mti bora tuukate tupate kuni. Nifanyeje?

JIBU: Dada, mwambie shemeji aweke panga chini kwanza! Huyo ndege hali mbao, anafuata funza wa mbawakawa na mchwa waliomo ndani, yaani wadudu walishaingia kabla yake na yeye anakuonyesha tu walipo. Mwangalie vizuri akiwa kazini, mkia mgumu ameukandamiza kwenye gome kama mguu wa tatu, anagonga taratibu, anasikiliza, anabandua gome halafu anachomoa ulimi mrefu unaonata na funza katoka. Kagua pale pale anaporudia rudia, ukikuta tundu dogo linatoa unga wa mbao basi tawi hilo lina wadudu, kama limekauka na linaning'inia juu ya bati au watoto wanapochezea likate hilo tu. Mlio wa haraka haraka kama ngoma, hapo hatafuti chakula, anatangaza eneo lake au anaita mwenzie.

Akichonga tundu la duara kwenye tawi kavu ni kiota. Kama halihatarishi mtu naomba mliache jamani, akihama ndege wengine wasioweza kuchonga wanahamia humo.