Wasomaji Wanauliza: Miwani ya uhalisia pepe kwa wazee wetu

SWALI: Assalaam alaykum. Mama yangu ana umri wa miaka 76 nami ninaishi naye Langoni, mjini Lamu. Baba, aliyekuwa nahodha, alifariki mwaka jana. Siku za eda nyumba haikukosa watu, lakini tangu mama atoke eda wageni wamepungua, na kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kushuka ngazi, hushinda ghorofani peke yake na hazungumzi ila akisemeshwa. Ndugu yangu aliyeko Dubai alituletea miwani ya uhalisia pepe, akisema kwamba nchi za nje huwaliwaza wazee kwa kifaa hicho. Tulimvisha mara moja, akaona bahari na majahazi, akanyosha mkono kana kwamba anashika kamba, kisha akaanza kulia. Tulimvua kwa hofu. Dada yangu anataka kifaa kirudishwe kilikotoka. Je, tumemdhuru mama?
Binti yake, Langoni

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Hamkumdhuru. Mjane wa nahodha aliyeonyeshwa majahazi baada ya miezi mingi ya kukaa ndani, ningeshangaa zaidi kama asingelia. Ninachokisikitikia ni kwamba, kwa jinsi ulivyoeleza, machozi yalipotoka miwani ilivuliwa na shughuli ikaishia hapo, ilhali machozi yale yalikuwa na maneno nyuma yake na hakuna aliyeyauliza.

Kifaa chenyewe si cha ajabu ukikielewa. Ndani yake mna skrini inayolionyesha kila jicho picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na vihisio vinavyofuata mwendo wa kichwa, hivyo ukigeuka kulia picha nayo inageuka, na ubongo unakubali kwamba uko mahali hapo. Wazo hilo ni la zamani: Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaliwa kichwani cha namna hiyo mwaka 1968. Matumizi yake katika tiba nayo si ya jana. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha utafiti wa kuwasaidia watu wanaoogopa kuwa mahali pa juu kwa kuwazoesha hofu hiyo ndani ya picha, na katika Chuo Kikuu cha Washington wagonjwa walioungua moto wamekuwa wakionyeshwa ulimwengu wa theluji wakati vidonda vyao vinaposafishwa, ili fikra zao ziondoke kwenye maumivu.

Kwa wazee, hata hivyo, msingi wa jambo hili ni kukumbuka, na hapo mtu wa kutajwa ni Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1963 alipinga dhana ya kwamba mzee anayerudia habari za ujana wake amechoka akili, akaeleza kwamba kuyapitia upya maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya nafsi katika uzee, na kwamba kazi hiyo ikimalizika vizuri humletea mtu utulivu. (Wazee wanaokaa kwenye madaka ya Lamu, yaani vibaraza vya mlangoni, baada ya sala ya alasiri wamekuwa wakiifanya kazi hiyo bila ya daktari.) Miwani inaweza kuianzisha kazi hiyo, lakini haiwezi kuimaliza, kwa sababu picha haimuulizi mtu jahazi lile lilikuwa la nani, lilipakia nini, na siku gani alirudi salama mtu aliyedhaniwa kuwa amezama. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wazee hadi sasa zimehusu watu wachache na kwa muda mfupi. Zimeonyesha dalili za moyo kuchangamka na upweke kupungua, jambo la kutia moyo, lakini si hoja ya kumwachia mama kifaa na kufunga mlango.

Kwa hiyo nakushauri uendelee, kwa utaratibu mwingine. Kwanza mwulize mwenyewe kama anataka kuvaa tena, na akikataa, basi. Akikubali, mwulize anataka kuona nini, maana majahazi yalichaguliwa na nyinyi. Dakika 5 zinatosha, nawe ukae kando yake umemshika mkono. Akilia tena, usimnyang'anye miwani. Mwulize kwa sauti ya chini anaona nini, na kama angependa kupumzika. Baada ya kuvua, tengeni chai, mkae naye kwa muda mrefu kuliko aliotumia ndani ya picha. Siku hiyo mwalikeni na shoga yake mmoja wa tangu utotoni, avae na yeye, wapate la kubishania.

Picha zilizomo kwenye vifaa hivi mara nyingi ni za miji ya watu wengine. Mkipata kamera inayopiga pande zote kwa pamoja, kijana wa nyumbani anaweza kwenda Matondoni kupiga picha mafundi wakichonga jahazi, au Shela wakati maji yanapojaa, au uchochoro wa nyumba alikozaliwa mama, kisha mkaziweka kwenye kifaa na kuziangalia bila ya intaneti. Hapa nina onyo moja: msipige picha kwenye shughuli za wanawake ndani ya nyumba bila ya ridhaa ya kila mmoja aliyepo. Picha ikishaingia kwenye kifaa kimoja, haijulikani itafika wapi.

Nitasema na jambo ambalo hukuliuliza. Kama nyumba yenu ina chumba cha chini kinachofaa, mhamishieni huko mama kabla ya kununua kamera yoyote. Mtu anayelala karibu na daka husalimiwa na kila apitaye, na salamu thelathini kwa siku zina nguvu kuliko miwani. Pia mpelekeni hospitalini, King Fahd ndiyo iliyo karibu nanyi, akaangaliwe magoti na moyo wake kwa pamoja. Huzuni ya msiba ni haki yake, lakini mtu akipoteza hamu ya chakula, usingizi na kila alichokipenda kwa zaidi ya majuma mawili, au akisema kwamba amechoka kuishi, hayo hayasubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 14 ya wazee duniani wana tatizo la afya ya akili, na mara nyingi matatizo hayo hayatambuliwi wala hayatibiwi, pengine kwa kuwa jamaa hudhani kwamba ndivyo uzee ulivyo. Na kama siku moja mama ataamka amechanganyikiwa ghafla, msilaumu miwani wala msimlaumu shetani. Kwa mzee, maambukizi ya mkojo peke yake yanaweza kuleta hali hiyo, na daktari anapaswa kumwona siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 69, mkazi wa Malindi. Mjukuu wangu alinivisha miwani hiyo nikajikuta ndani ya gari linalokwenda kasi mlimani, na baada ya muda mfupi nikapata kizunguzungu na kichefuchefu. Ninavaa miwani ya kusomea na ninameza dawa za presha. Je, kifaa hiki kimekatazwa kwa watu kama mimi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Hakikukatazwa, ila mjukuu alianzia pabaya. Macho yako yaliuambia ubongo kwamba unakwenda mbio, na sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo, likaushuhudia mwili umetulia kitini. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu, kama kile cha abiria wa mashua wakati wa kusi, ingawa baharini mambo huwa kinyume. Chagua picha ambazo kamera imesimama mahali pamoja, ukae kwenye kiti imara chenye mikono, na uvue mara tu unapohisi joto usoni, kabla ya kichefuchefu kufika. Watengenezaji wenyewe wameshauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 baada ya kila nusu saa. Kwa umri wetu, nusu saa ni nyingi.

Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone giza anaposimama ghafla, kwa hiyo baki kitini kidogo baada ya kuvua. Vifaa vingi vina nafasi ya kuingiza miwani ya kawaida. Mwone daktari kwanza ikiwa una kifafa au umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Watengenezaji huonya kwamba takriban mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupatwa na degedege kwa mimweko ya mwanga, hata asiyewahi kuugua. Na mwambie mjukuu asiache kifaa barazani: jua likipenya kwenye lenzi huunguza skrini, na jua la Malindi halichukui muda.

SWALI: Baba yetu, miaka 81, anatamani Makkah na hana nguvu za safari. Tukimwonyesha kwa miwani, je, itahesabiwa kuwa hija? (Mkomani, Lamu)

JIBU: Hapana. Mwezi Desemba 2021 Saudi Arabia ilizindua mpango wa kulionyesha Jiwe Jeusi kwa uhalisia pepe, na mwaka uliofuata mamlaka ya dini ya Uturuki ikaeleza kwamba kuizuru Kaaba kwa njia hiyo si hija. Mengine ya hukumu, pamoja na suala la kumhijia, wapelekeeni masheikh wenu. Kumwonyesha ili kumliwaza ni jambo jingine, nami naliunga mkono, ila mwambieni mapema kwamba anachokwenda kuona ni picha, asije akadhani mnamhadaa. Wakati wa kumvua, awepo mtu wa kumshika bega, na mumwache atulie kabla ya kumuuliza lolote.