Mama mkwe si mchawi, mwanangu

*Shangazi, mume wangu ni fundi wa pikipiki na ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha hisia kupita kiasi, ila sasa imezidi. Halali, anasema mtangazaji wa redio anamtaja jina na kwamba Mungu amempa ufuo wote wa Ziwa Victoria. Pesa za chama changu amenunulia majenereta matatu. Yote yalianza Juni, alipokula omena kwa mama yake. Nimempeleka kesha za maombi, wapi! Sasa huyo mama amehamia kwangu, analala sebuleni na kuficha ufunguo wa pikipiki, eti tumpeleke hospitali. Dawa aliacha tangu Pasaka, zilimnenepesha na mchungaji akasema amepona. Nirudi kwetu Kakamega? – Aliyechoka, Kondele, Kisumu*

Pole, mwanangu. Kuishi na mtu asiyelala kunachosha, na pesa za chama zinauma. Pole yangu inaishia hapo.

Dawa zimeachwa Pasaka, mtu ameharibika Juni, halafu mwenye makosa ni omena? Kama ni kutafuta mchawi, anzia kwa aliyeshangilia vidonge vilipoachwa. Isitoshe, mtu ambaye halali ukampeleka kesha! Kukosa usingizi ni kati ya mambo yanayoipandisha baipola haraka sana. Ulidhani unazima moto, kumbe unamwaga petroli.

Hilo la redio na ziwa si pepo wala chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Baipola ikipanda sana, mgonjwa huweza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, akajiona nabii au tajiri asiye na mfano. Ikimshusha, sauti hizo huweza kumwambia hafai kitu, bora afe. Zaidi ya nusu ya wenye baipola ya aina ya kwanza, ile inayopanda kwa ukali zaidi, hupitia hali hii wakati fulani maishani. Kwa kawaida mgonjwa akitibiwa akatulia, sauti nazo huondoka. Kwa hiyo mume wako hajapotea. Anaumwa.

Na yule mama unayemsema vibaya ndiye pekee humo ndani aliyeliona hilo. Mgonjwa anayeamini ziwa ni lake hapaswi kuwasha pikipiki usiku. Hajawahi kukupenda? Labda. Lakini analala kwenye kochi lako kwa ajili ya mume wako, nawe unapanga nauli.

Ndoa za siku hizi zinanishinda. Mnaapa kwa shida na raha mkitazama kamera, maradhi yakibisha hodi kila mtu anakumbuka kwao. Ninaweka dau wanachama wenzako wanadhani mumeo amelewa, nawe umewaacha waamini hivyo. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Leo hii, wewe na mama mkwe mpelekeni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, hiyo mnayoiita Russia. Bebeni vidonge vilivyobaki daktari avione. Usimwanzishie tena vidonge hivyo mwenyewe nyumbani: kama ni lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, damu na figo lazima zipimwe, maana kiasi kikizidi kidogo tu huwa sumu. Huo unene mwambieni daktari, kuna dawa nyingine. Mkiwa njiani msibishane naye kuhusu ziwa, wala msimwitikie kwamba ni lake. Mwambie tu unaona hajalala na una wasiwasi. Mchungaji aendelee kuomba, ila vidonge si kazi yake.

Kakamega utaenda siku ambayo sauti zitamwamuru amdhuru mtu, au akiinua mkono. Hapo chukua watoto uondoke kwanza, uite watu wamfikishe hospitali. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata dakika.

Majenereta yarudisheni dukani kabla hayajatiwa mafuta, na mwenyekiti wa chama asikie ukweli kutoka kwako. Risiti muulize mama mkwe. Aliyeficha ufunguo hakosi kuwa nayo.