Kabla Hujawasha Grinda: Niliyoyapata Nikipunguza Kilo za Toyota 110

Juzi usiku kijana mmoja wa Eldoret alinitumia picha. Toyota 110 nyeupe, milango yote minne imevuliwa nguo za ndani, na zile nondo za chuma zinazopita katikati ya mlango, zilizowekwa ili mtu akigongwa ubavuni asibanwe, zimekatwa na kupangwa sakafuni kama kuni. Chini ya picha aliandika: "Kaka, nimetoa kilo kumi na moja kwa jioni moja. Sasa niambie nikate wapi tena."

Usingizi ulinipaa. Miaka miwili iliyopita ningeweza kutuma picha hiyohiyo, ya gari lilelile, kwa furaha ileile. Nimemjibu yeye kwa maneno machache, lakini nimeona niyaandike yote hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi wetu tunaoingia autokrosi, zile mbio za magari kwenye uwanja wa vumbi, hatuna pesa za Mitsubishi Evo wala Subaru. Tuna gari la kwendea kazini lililozeeka, tuna grinda ya kuazima, na tuna hamu. Hamu hiyo naijua. Nikiwa mtoto nilikuwa nasimama kwenye uzio wa Jamhuri Park vumbi likinijaa mdomoni, na sikutaka kurudi nyumbani hata giza likiingia.

Tena gari kuukuu si aibu. Joginder Singh alishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba bila gari jipya usijaribu.

Huku kwetu juu, kilo zina maana kuliko wanavyodhani wanaosoma mambo haya kutoka nchi za pwani na tambarare. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Injini yangu ni 5A-FE, cc 1,498, ambayo kwenye karatasi za Japani ina nguvu farasi 100. Mombasa labda utawakuta farasi hao wote. Mimi huku nahesabu 85. Siku ya kwanza gari langu lilipima kilo 1,040 likiwa na robo tangi, nami nilikuwa na kilo 96. Gawanya: kila farasi anabeba kilo 13.4. Leo kila farasi anabeba 12.3. Kupata tofauti hiyo kwa kuiongezea injini nguvu ningehitaji farasi saba au wanane zaidi, na kwenye injini ndogo isiyo na turbo hao hawapatikani bila kuchimba mfuko mpaka chini.

Nililipima kwenye mizani ya lori ya mfanyabiashara wa skrapu. Mizani ile inaruka kilo 20 kwa 20, kwa hiyo inakupa jumla tu, haikuambii kapeti lina uzito gani. Kwa vipande vidogo niliazima mizani ya ndoano kutoka buchani kwa shemeji, ile ya kutundikia nusu mbuzi. Kila kilichotoka garini kilining'inizwa pale, kikaandikwa kwenye daftari. Nasema hivi kwa uzito: kabla hujafungua bolti ya kwanza, tafuta mizani. Pima. Watu wengi hukisia, na wanapokisia hukisia vibaya. Mimi nilidhani dari la kitambaa lina kilo saba. Lilikuwa na mbili.

Hizi ndizo hesabu zangu. Redio, spika na lile sanduku la besi alilokuwa ameweka mwenye gari wa kwanza, kilo 21. Kiti cha nyuma 16. Spea, jeki na mfuko wa spana 17. Kiti cha abiria 15. Kiti cha dereva pia kilikuwa 15, nikaweka cha mbio chenye 9. Kapeti na sufi iliyo chini yake 9. Kiyoyozi chote, kompresa, mabomba na rejeta yake ndogo, 19. Nguo za milango na vikorokoro vyake 12. Dari 2. Halafu ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni, kilo 7, ambayo ilinitoa jasho kuliko vitu vingine vyote. Jua likiwa kali inakuwa uji, inashika kila chombo. Nilikuja kugundua kwamba asubuhi ya Julai, saa kumi na mbili, baridi ya Nairobi huifanya ngumu, ukiigonga kwa patasi na nyundo inapasuka vipandevipande kama chungu. Nilifanya hivyo siku nne kabla ya kwenda kazini, majirani wakinung'unika. (Gesi ya kiyoyozi usiifungulie hewani. Lipeleke gari kwa fundi wa friji aivute kwa mashine yake, kisha ndipo ufungue mabomba.)

Jumla kilo 124. Nilijisikia mfalme.

Ningeishia hapo mambo yangekuwa mazuri. Lakini nilikuwa na fundi, rafiki yangu wa miaka mingi, mtu niliyemwamini kuliko ndugu, na yeye aliona kilo 124 ni mwanzo tu. Akasema milango ina vyuma vya bure ndani. Akasema lile bati lenye mikunjo nyuma ya kiti cha nyuma halina kazi kwa kuwa kiti chenyewe hakipo tena. Sikumbishia. Grinda nilishika mimi mwenyewe, kwa hiyo lawama siikimbii. Milango ikatoa kilo 11, bati la nyuma kilo 6.

Wiki iliyofuata nilipiga jeki upande mmoja kubadilisha tairi, na mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Nikashusha jeki, ukafunga. Nikapandisha tena, ukakataa. Bodi ilikuwa inajipinda kama boksi la kadibodi lililotolewa kifuniko. Bati lile lenye mikunjo ndilo lililokuwa linashikilia pande mbili za gari zisichezeane. Siku chache baadaye kioo cha mbele kikapata ufa kutoka konani, bila jiwe kukigusa.

Nikaenda mashindanoni hivyo hivyo. Leo naandika sentensi hiyo mkono ukiwa mzito. Mkaguzi alizunguka gari mara moja, akaingiza mkono kwenye mlango wa dereva, akapapasa penye nondo iliyokatwa, akaniangalia. Kisha akafungua buti. Nilikuwa nimeacha wazi kabisa kati ya buti na mahali pa dereva, wakati bomba la kujazia petroli linapita palepale. Akaniuliza, "Hii ikishika moto, itakutana na nini kabla yako?" Sikuwa na jibu. Alikataa gari, na alikuwa na haki. Kilichoniuma si yeye. Kilichoniuma ni rafiki yangu fundi, aliyesimama hatua tatu nyuma yangu, akawaambia waliokuwepo kwamba alinionya nisikate. Mbele ya watu. Mwezi uliofuata alikuwa gerejini kwa mtu ninayeshindana naye daraja moja. Nimemsamehe, lakini sijasahau, na sidhani ninatakiwa kusahau.

Kurudisha nilichokata kulinigharimu shilingi 38,000: milango ya mitumba, bati jipya nyuma, na kuchomelea. Juu yake ikaja keji, fremu ya mabomba ndani ya gari ya kumlinda dereva likipinduka. Hapa vijana wengi huniuliza kwa nini niongeze kilo 42 za mabomba baada ya kuhangaika kuzitoa. Kwa sababu hizo ndizo kilo zinazokurudisha nyumbani! Nilifuata vipimo vya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari: tao kuu la bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5, mengine 38 kwa 2.5, bomba la chuma lisilo na mshono. Usikubali bomba la maji. Usikubali bomba la geti. Na keji ikiunganishwa vizuri na bodi, gari linakuwa gumu, linaitika usukani upesi, hata muda unashuka. Kiti cha mbio cha mitumba nacho kisome nembo yake: chenye FIA 8855-1999 kina miaka mitano tangu kilipotengenezwa, kisha hakikubaliki tena, hata kama kitambaa chake kinang'aa. Mimi cha kwanza nilikinunua kwa haraka, kimeisha muda miaka sita iliyopita. Pesa imekwenda.

Baada ya keji mizani ilisema 960, nami kwa daftari langu nilikuwa na 958. Nikadhani sasa nimemaliza.

Oktoba, kona ya pili ya mzunguko wa tatu. Naingia kwa kasi, nagusa breki, naachia mafuta, na nyuma ya gari inatoka kama mtu aliyevutiwa zulia. Nikazunguka mara moja na nusu, nikasimama nikitazama nilikotoka, injini imezima, vumbi limeingia hadi puani. Sikuelewa. Nilikuwa na gari jepesi na gumu, na halikuwa likishika chini.

Nilirudi kwenye daftari, na jibu lilikuwa pale tangu mwanzo. Toyota 110 inavuta kwa mbele. Injini, giaboksi na rejeta, vyote viko mbele. Mimi nilitoa nini? Kiti cha nyuma, spea, sanduku la besi: kilo 54 kutoka nyuma. Mbele nilitoa kiyoyozi, basi. Nyuma ilibaki tupu. Springi zilizotengenezwa kubeba abiria watatu na mizigo ya Krismasi zikainuka juu, matairi ya nyuma yakawa yanagusa tu ardhi, na breki za nyuma, zilizopangwa kwa gari lenye uzito, zikawa zinafunga kabla ya za mbele. Kwenye changarawe hilo halina msamaha.

Hapa ndipo ninapotaka yule wa Eldoret anisikilize, na wengine wote. Usiulize tu umetoa kilo ngapi. Uliza umezitoa wapi. Kwenye gari linalovuta kwa mbele, kilo moja uliyoitoa mbele, juu au nje kabisa ya pua ni dhahabu. Kilo ya nyuma, chini, inaweza kuwa rafiki yako. Nilihamisha betri kwenda butini, ndani ya sanduku lililofungwa, waya mnene wenye fyuzi karibu na betri na swichi ya kukatia umeme inayofikiwa kutoka nje. Uzito haukupungua hata gramu, lakini karibu kilo 13 zilitoka puani zikaenda mkiani. Nikabadilisha springi za nyuma zikaendana na uzito mpya. Nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma. Gari likawa kitu kingine.

Rimu nazo. Nilikuwa na za inchi 17 za aloi, nzuri, nilizozinunua kwa fahari. Nilipozitundika kwenye mizani ya buchani pamoja na matairi yake, kila moja ilizidi ile ya chuma ya inchi 14 kwa kilo tano. Na uzito unaozunguka ni mbaya mara mbili: injini inauzungusha na bado inausukuma. Nikaziuza. Usidanganywe na neno aloi, pima.

Petroli lita moja ni takriban robo tatu ya kilo, hivyo tangi langu la lita 50 likijaa ni kama kilo 37. Sijazi tena. Lakini pia sishuki chini ya robo, maana kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na injini ikakohoa mahali pabaya.

Na mwili wangu. Nilikuwa na kilo 96, sasa nina 87. Kilo tisa hizo hazikuhitaji grinda, na ndizo zilizonipa pumzi ya kumaliza mizunguko ya mwisho mikono ikiwa bado na nguvu. Kijana, kabla ya kulitoa gari mfupa, jitazame wewe kwanza.

Mwezi uliopita nilimaliza wa tatu katika daraja langu. Mzunguko wangu bora uliposhuka kutoka dakika 1 na sekunde 52 hadi 1 na sekunde 48, shemeji aliyekuwa ameshika saa aliniita kwa sauti mpaka watu wakageuka. Mbele yangu walikuwepo wawili, na mmoja wao alikuwa na gari lililotengenezwa na yule rafiki yangu wa zamani. Alinipa mkono. Nami nikampa wangu.

Sasa wewe wa Eldoret. Usikate tena. Kabla ya kuchomelea chochote, pima mlango mmoja ulio mzima wa gari kama lako uone nondo zinakaa wapi na zinashika wapi, kwa sababu zikichomelewa vibaya zinavunjika palepale zilipounganishwa. Afadhali ununue milango mizima. Nina mlango mmoja stoo, wa kulia mbele, haujawahi kuguswa, nondo yake imo ndani. Nilibaki nao nilipokuwa natengeneza wangu. Huo wa upande wa dereva nimekuwekea. Njoo uuchukue kabla ya raundi ijayo, na uje na daftari lako.